Majina Nyuma ya Picha

Hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa Waswahili wa Lexington, Kentucky. Naiweka yote hapa kwa ajili ya ndugu walioshindwa kufika kwa sababu ya zamu za kazi. Picha tulizozionesha ukutani hazimo.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina baba mliotoka Bukavu, Uvira na Goma, ndugu wa Kigoma, Tanga, Mombasa na Bujumbura, nanyi vijana mliozaliwa hapahapa Kentucky, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya shule ambayo hakuna hata mmoja wetu humu ukumbini aliyesoma. Ni shule ya milimani, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka hapa tulipo, kusini-mashariki, katika Kaunti ya Harlan, nyuma ya mlima mrefu uitwao Pine Mountain. Waliosoma huko walikuwa watoto wa wakulima wa mahindi na wachimba makaa ya mawe, Wazungu watupu, na wengi wao wamekwisha kufa. Naona baadhi yenu mnatazamana. Yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu, lakini si sasa hivi. Nipeni kwanza nafasi niwafungulie masanduku ya shule ile, maana nimekula chumvi nyingi katika kazi ya maktaba na nyaraka, na sijaona mahali ambapo uzito wa kazi hiyo unaonekana wazi kuliko huko.

Tuanze na mtu wa mji huu. Katherine Pettit alizaliwa mwaka 1868 karibu na Lexington hii hii, katika nchi ya farasi na malisho mazuri. Mwaka 1899 yeye na mwenzake May Stone, mwenyeji wa Louisville, walipanda milimani wakapiga hema pale Hazard kwa majira ya kiangazi, wakawa wanafundisha kushona, kupika, kusoma na usafi wa nyumba. Habari zao zikasambaa bonde kwa bonde. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja wa Hindman, Solomon Everidge, aliyekuwa na umri wa karibu miaka 80, alitembea peku kutoka kwao mpaka Hazard ili awaone kwa macho yake mwenyewe, akawasihi waje kwao, kwa kuwa tangu utotoni alitamani kusoma na hakupata pa kusomea. Mwaka 1902 wakafungua shule Hindman, kwenye makutano ya mikono ya kijito kiitwacho Troublesome, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Msumbufu. Likumbukeni jina hilo. Kijito hicho tutakutana nacho tena.

Mwaka 1913 Pettit akaondoka Hindman, akafuatana na Ethel de Long, mwalimu aliyetoka New Jersey, wakaanzisha shule ya pili, hii ya Pine Mountain. Ardhi walipewa na mkulima wa hukohuko, William Creech, ambaye bonde zima lilimwita Uncle William, pamoja na mkewe Sally. Ramani ya majengo aliichora Mary Rockwell Hook, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya kazi ya usanifu majengo katika nchi hii. Watoto waliishi hukohuko shuleni na ada yao wakailipa kwa jasho: walikamua ng'ombe, walipasua kuni, walifua, walipika, walifuma nguo. Palikuwa na zahanati, shamba na karakana. Shule ya bweni ilifungwa mwaka 1949, ikabaki shule ya msingi ya watoto wa jirani hadi mwaka 1972, na tangu hapo pamekuwa mahali pa kufundishia elimu ya mazingira. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilipatambua kuwa eneo la kihistoria la taifa zima.

Kidogo niseme juu ya jina la shule za namna hii. Kwa Kiingereza huitwa settlement school, na neno hilo settlement lina mzizi mmoja na neno letu la masetla, na sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukilisikia neno hilo mkono unakwenda wenyewe kushika hati ya shamba. Msiogope. Masetla wa nyanda za juu za Kenya waliichukua ardhi, lakini hawa wa Kentucky walipewa ardhi na mwenyeji aliyewaita mwenyewe. Walimu walihamia, wakaishi katikati ya watu waliokuja kuwafundisha. Ndiyo maana yake.

Sasa ndugu zangu, niwaulize. Shule ndogo nyuma ya mlima, isiyokuwa na barabara ya maana kwa miaka mingi, iliyoanza kwa hema na vibanda vya magogo, inawezaje kuwa na nyaraka nyingi kuliko shule nyingi za mjini? Nani aliyeandika yote hayo? Na kwa nini?

Jibu ni kwamba shule iliishi kwa kuomba. Haikuwa na kodi ya serikali wala dhehebu la kuilipia. Kila gunia la unga na kila mshahara wa muuguzi ulitokana na barua iliyokwenda Boston, New York au Philadelphia kwa mtu mwenye fedha na moyo laini. Barua moja iliandikwa, nakala ikabaki. Jibu likaja, likawekwa kwenye faili. Shule ikachapa jarida dogo la kuwaarifu wafadhili jinsi fedha yao inavyotumika, na picha zikapigwa kwa makusudi hayohayo. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Wale akina mama waliujua ukweli huo bila kuusikia kwetu, wakaweka daftari.

Lakini hebu fikirini. Mtu anayeomba huandika nini? Ukimwandikia tajiri wa Boston ukimwomba dola, utamweleza kwamba watoto wako wameshiba jana na wamecheka leo? Utamweleza kwamba hawana viatu. Utamweleza juu ya macho mekundu kwa trakoma, juu ya minyoo, juu ya baba aliyekufa kwa risasi. Na ukipiga picha, utamsimamisha mtoto mwenye kiraka mbele, aliyevaa vizuri utamrudisha nyuma. Ndugu zangu, picha hiyo tunaijua. Wengi wetu tumewahi kusimama ndani yake. Wapo humu waliopigwa picha kambini na watu waliokuwa wakitafuta fedha kwa ajili yao, kwa nia njema kabisa, na leo hii picha hizo zipo mahali fulani, kwenye ghala la shirika fulani, bila jina, zikiwa na maneno mawili tu chini yake: mtoto mkimbizi.

Mnaanza kuona yatuhusu nini?

Kwa hiyo mtunza nyaraka wa shule kama ile hawezi kuridhika na kuyafungia maboksi. Lazima ajue kwamba ndani ya maboksi yale sauti ya mgeni ni kubwa na sauti ya mwenyeji ni ndogo. Watu wa milimani wenyewe waliwaita walimu wale wanawake wa kuletwa, jina lenye utani na ukali kidogo, lakini jina hilo hulipati kwa urahisi katika barua za kuomba fedha. Unalipata kwa kuzungumza na wazee. Ndiyo sababu karatasi chache zilizoandikwa na wenyeji kwa mkono wao zina thamani isiyolingana na wingi wake.

Chukueni maneno ya huyo mzee Creech. Hakuwa mtu wa shule. Aliandika kama alivyosema, kwa tahajia yake mwenyewe, kwamba moyo wake una shauku watu wake wawe bora zaidi, kwamba ameitoa ardhi yake itumike kwa shule maadamu Katiba ya Marekani ingali imesimama, na kwamba anatumaini itazaa watu waerevu na wenye nuru wakati yeye amekwisha kufa na kuondoka. Alifariki mwaka 1918, shule ikiwa na miaka mitano tu. Tazameni kipimo alichokitumia. Hakusema miaka kumi wala maisha ya wanawe. Mkulima yule wa bondeni aliifunga zawadi yake kwenye Katiba ya nchi.

Na hapa nina ombi la kitaalamu ambalo naomba vijana mlishike. Maneno kama yale usiyasahihishe. Ukinakili karatasi ya mzee Creech, nakili na makosa yake, kwa sababu makosa yale ndiyo sauti yake. Vivyo hivyo, mama yako wa Uvira akikusimulia habari za shule aliyosoma, naye akasema Kiswahili cha kwao, usikae na kalamu nyekundu ukimgeuza kuwa mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, nina kiburi changu cha lugha kama mnavyonifahamu, na bado nawaambia: mwacheni aseme kama anavyosema.

Nije kwenye jambo ambalo maboksi ya Pine Mountain hayawezi kulisema hata ukiyapekua mwaka mzima. Katika picha zile za miaka ya mwanzo watoto wote ni weupe. Haikuwa bahati nasibu. Mwaka 1904 bunge la Kentucky lilipitisha sheria iliyoitwa Sheria ya Day, iliyokataza watoto weupe na weusi kufundishwa pamoja hata katika shule za binafsi. Shabaha yake ilikuwa Chuo cha Berea, hapo kusini yetu, kisichofika hata saa moja kwa gari, ambacho kwa miaka karibu 40 kilikuwa kimefundisha rangi zote mbili darasa moja. Berea ikaenda mahakamani, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikaipa Kentucky ushindi. Carter G. Woodson, kijana aliyewahi kuchimba makaa ya mawe West Virginia, alipata shahada yake Berea mwaka 1903. Mwaka mmoja tu! Angechelewa mwaka mmoja angefungiwa mlango. Huyo ndiye aliyekuja kuanzisha, mwaka 1926, lile juma la historia ya watu weusi ambalo leo watoto wenu wanaliadhimisha shuleni kwa mwezi mzima wa Februari.

Je, watu weusi hawakuwako milimani? Walikuwako. Katika Kaunti ileile ya Harlan upo mji wa Lynch, uliojengwa kuanzia mwaka 1917 na kampuni ya makaa ya mawe iliyokuwa tawi la kampuni kubwa ya chuma ya Marekani. Familia nyingi nyeusi zilihamia huko kutoka Alabama na kwingineko kusini. Watoto wao walikuwa na shule yao, imara, ya matofali, hadi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wanafunzi kuchanganywa na wengine. Sasa sikilizeni tofauti. Shule ya Pine Mountain iliomba fedha kwa wageni, ikabaki na barua. Shule ya Lynch ililishwa na mgodi. Mashine zilipochukua nafasi ya watu mgodini, familia zilihama, Cleveland, Detroit, Chicago, na kila familia ikabeba kipande chake cha shule: cheti kimoja, picha moja ya timu, kitabu kimoja cha mahafali.

Nani angekusanya vipande hivyo? Walivikusanya wenyewe. Wahitimu walianzisha chama, Eastern Kentucky Social Club, wakawa wanakutana kila mwaka, mji baada ya mji, wakila na kucheza dansi na kuulizana fulani yuko wapi. Baadaye mwanasosholojia Karida Brown, ambaye ukoo wake unatokea huko, alizunguka akirekodi masimulizi yao na kupokea karatasi na picha zao, na leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Mimi nikilinganisha shule hizi mbili husema hivi, na anayetaka kunibishia tutazungumza wakati wa chai: Pine Mountain ilibaki na karatasi nyingi kuliko watu, na Lynch ilibaki na watu wengi kuliko karatasi, na kati ya hizo mbili ningependa kuwa na bahati ya Lynch. Karatasi inaweza kungoja. Mtu hangoji.

Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa leo, na nitairudia mpaka mchoke. Karatasi inaweza kungoja, mtu hangoji. Picha ya mwaka 1938 ikikaa vizuri, mahali pakavu penye ubaridi, itakuwa ileile miaka 50 ijayo. Lakini anayejua ni nani amesimama wa tatu kutoka kushoto, huyo ana miaka mingapi? Amelazwa wapi? Nani amekwenda kumwuliza?

Niwape la kwangu. Nilipokwenda likizo nyumbani, nilipita katika shule ya msingi niliyosoma, nisiyoitaja, nikaomba kuliona jina la marehemu kaka yangu katika rejista ya uandikishaji. Nilitaka tu kuliona limeandikwa. Mwalimu aliyenipokea alikuwa mkarimu sana, akanifungulia stoo. Rejista ilikuwapo. Ukiitazama kwa juu, jalada zima. Nilipoinyanyua ilikuwa nyepesi kama mkate wa mofa uliokauka, na nilipoifungua, mchwa walikuwa wamekula kurasa zote katikati wakabakiza ukingo, mfano wa fremu ya dirisha. Mwalimu akasema, pole. Hapakuwa na nakala nyingine. Nikamwambia hapana, asante, nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe kwa muda.

Sasa turudi kwenye kile kijito Msumbufu. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2022 mvua iliyokuwa imenyesha kwa siku kadhaa mashariki ya Kentucky iligeuka gharika. Zaidi ya watu 40 walikufa. Pale Hindman shule ilikuwa na wageni, kwa sababu kila kiangazi waandishi wa milimani hukutana hapo kwa juma moja la mafunzo, na usiku ule ilibidi watu wakimbilie majengo ya juu gizani huku magari yao yakichukuliwa na maji. Asubuhi ilipofika, maji yalikuwa yameingia ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, mahali zilipokuwa nyaraka za shule: barua, picha, kumbukumbu za miaka 120. Whitesburg, mji mwingine wa huko, kituo cha sanaa cha Appalshop, kinachorekodi maisha ya milimani tangu mwaka 1969, nacho kilifunikwa, filamu na kanda zikajaa tope.

Mtu afanyeje na barua iliyolowa? Nafsi inakuambia uianike juani. Usiianike. Jua linaikunja karatasi na kuupausha wino. Wala usizibandue kwa nguvu picha zilizogandamana, kwa sababu sura itabaki kwenye karatasi ya jirani. Adui mkubwa ni ukungu, nao huanza kuota ndani ya siku mbili tu kukiwa na joto. Ukiwa na karatasi kumi, zitandaze ndani ya nyumba penye feni, moja moja, juu ya taulo safi. Ukiwa na maelfu, ziweke kwenye friza. Naona mmecheka, lakini nasema kweli. Barafu inausimamisha ukungu na kuushika wino usitiririke, kisha baadaye, hata miezi mingi baadaye, karatasi hutiwa ndani ya mashine isiyo na hewa, barafu ikageuka mvuke bila kupitia kuwa maji. Ndivyo nyaraka nyingi zilizolowa katika gharika ile zilivyopata nafasi ya kuokolewa. Malori ya friza, yaleyale ya kubebea nyama, yalibeba historia.

Maji ndiyo hayo. Moto je? Huko Tennessee, katika milima ileile ya Appalachia, mwaka 1932 Myles Horton na wenzake walianzisha shule ya watu wazima iliyoitwa Highlander. Ilifundisha wachimba makaa, wakulima na baadaye wapigania haki za raia. Rosa Parks, yule mama mweusi wa Alabama, alihudhuria mafunzo huko kiangazi cha mwaka 1955, miezi michache kabla ya kukataa kumpisha Mzungu kiti kwenye basi la Montgomery. Mwaka 1961 jimbo likaifunga, ikafunguliwa upya kwingine. Tarehe 29 Machi 2019 jengo lake la ofisi liliteketea, na kwenye lami ya maegesho ilikutwa alama ya wabaguzi wa rangi. Nyaraka za miongo kadhaa zilizokuwa ndani ziliungua. Lakini nyaraka nyingi za miaka ya mwanzo hazikuwamo. Zilikuwa zimepelekwa zamani katika jumba la historia la jimbo la Wisconsin, mjini Madison, mbali kabisa na pale. Cha Tennessee kiliungua, cha Madison kimesalimika.

Kwa hiyo nikisema nakala, simaanishi nakala ya pili ndani ya kabati lilelile. Nyumba ikiungua, kabati linaungua. Nakala ikae mtaa mwingine, mji mwingine, na ikiwezekana bara jingine. Pine Mountain wamefanya kazi kubwa ya kuzipitisha barua na picha zao kwenye skana na kuziweka kwenye intaneti, kiasi kwamba mimi hapa Lexington naweza kusoma usiku barua ya mwalimu wa mwaka 1914 nikiwa nimevaa msuli. Hilo ni jema. Lakini simu na diski navyo vina kifo chao, kisichopiga hodi, kwa hiyo nakala ya kompyuta isiwe kisingizio cha kutupa karatasi.

Mambo ya mkono niyaseme haraka, maana chakula kinapoa. Ondoa pini za kawaida na pini za stepla, zinapata kutu na kula karatasi. Usitie selotepu kwenye karatasi iliyochanika. Gundi yake baada ya miaka inakuwa ya kahawia na haitoki. Zile albamu zenye kurasa za kunata na plastiki juu, tulizozipenda sana sote, ni adui wa picha. Usiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, kwani inaacha mfuo na wino unapenya. Andika kwa penseli laini, ukingoni, bila kukandamiza: nani, wapi, lini, na nani aliyekuambia. Hilo la mwisho watu hulisahau. Andika na aliyekuambia, ili mjukuu akikuta makosa ajue ni kumbukumbu ya nani.

Nimalizie na viatu.

Mwaka juzi nilifuatana na rafiki yangu mmoja, mtu wa milimani, kwenda kumwona shangazi yake katika bonde moja la Harlan. Tulibeba picha ya darasa la miaka ya 1950, watoto 20 mbele ya ngazi za jiwe, nyuma yake pakavu, hapana hata herufi. Mama yule alikuwa na miaka zaidi ya 80, macho yake hayaoni vizuri, na mkono mmoja unatetemeka. Tulimpa kioo cha kukuzia. Nikangojea aanze na sura, kama ambavyo ningeanza mimi. Hakuanza na sura. Alikiteremsha kile kioo mpaka chini kabisa ya picha, akaanza na viatu.

Hivi, akasema, ni vya kaka yangu mkubwa, navijua kwa kamba, ya kulia ilikatika tukafungia uzi wa gunia. Kisha akakipandisha kioo polepole, suruali, shati, na alipofika usoni akasema, lakini aliyevivaa ni mdogo wangu, kwa hiyo kaka alikuwa amekwisha kwenda mgodini. Na kwa kiatu hicho kimoja tukapata mwaka, kwa sababu mwaka aliokwenda kaka yake mgodini anaujua kama anavyojua jina lake. Aliendelea hivyo karibu saa mbili. Huyu ni kwa gauni, lilishonwa na mama yake kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Huyu ni kwa namna anavyosimama, baba yake naye alisimama hivyo. Mpwa wake akiandika, mimi nikishika simu ya kurekodia, na hakuna aliyemkatiza hata alipotoka nje ya picha akaingia habari za ng'ombe.

Alipofika kwa msichana wa mwisho upande wa kulia, mstari wa nyuma, alikaa kimya. Akakisogeza kioo, akakirudisha. Akasema huyu nilikaa naye dawati moja, na akaweka kioo chini. Tukamwambia apumzike, tutarudi. Akasema rudini kabla ya theluji.

Nyuma ya picha ile yapo majina 19 kwa penseli, na mwaka, na jina la aliyetuambia. Nafasi ya 20 tumeiacha wazi.